Bibi Shamba Anajibu: Mbegu Imeshinda, au Udongo Ndo Umeshinda?

Habari zenu wasomaji wangu. Msimu wa mavuno ukifika na maswali nayo yanajaa, na safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja, yaani mtu kapanda vitu viwili vitatu shambani, kimoja kimezaa kuliko vingine, sasa anataka kujua aamini au asiamini. Nimechagua sita. Nimeyafupisha kidogo ila maneno ni yenu.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi nalima mahindi huku Babati, nina ekari 6. Mwaka huu kampuni moja ya mbegu waliomba kona ya shamba la jirani yangu wakaweka shamba darasa, mbegu yao mpya upande mmoja na hii tuliyoizoea upande mwingine. Siku ya wakulima tukaitwa tukaona kwa macho yetu, mpya ina mahindi makubwa, ya zamani vigunzi. Bei ya mpya ni karibu mara mbili. Ninunue? Ila kuna kitu kinanisumbua, ile mpya ilikuwa upande wa chini karibu na korongo. (Mkulima, Babati)

JIBU: Marahaba baba. Hicho kinachokusumbua ndo chenyewe. Korongoni maji yanakaa, mvua ikishuka inakokota udongo mzuri kutoka juu inaushusha pale, kwa hiyo chochote utakachopanda pale kitanawiri, hata ungepanda mbegu ile ile pande zote mbili bado upande wa chini ungeshinda. Sisemi mbegu yao mbaya. Nasema lile shamba darasa haliwezi kukwambia kama ni nzuri, manake mbegu na ardhi vimefungwa kamba moja na huna namna ya kuvitenganisha.

Na usidhani shamba tambarare limepona. Kule Rothamsted Uingereza, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanza 1843 na mpaka leo kipo, watu wawili Mercer na Hall walichukua ekari moja ya ngano, mbegu moja, mbolea moja, shamba ambalo kwa macho lilikuwa sawasawa kabisa, wakalivuna 1910 kwa kulikata vipande 500 na kila kipande wakakipima peke yake. Wastani ukaja ratili 3.95 kwa kipande. Lakini kipande cha chini kabisa kilitoa 2.73 na cha juu kabisa 5.16. Karibu mara mbili baba! Na hapo hakuna mbegu mpya wala ya zamani, ni ardhi tu. Sasa fikiria kampuni ingekuja ikapanda yao kwenye kile kipande cha 5.16.

Fanya hivi. Nunua mfuko mmoja wa kilo 2, usinunue zaidi. Chagua sehemu ya shamba lako la kawaida, sio kona nzuri sio kona mbovu. Kata jozi 6 za vipande, kila jozi vipande viwili vimekaa ubavu kwa ubavu, kila kipande mistari 6 yenye urefu wa mita 20. Kwa kila jozi rusha shilingi, ikilala mwenge (au upande wowote ulioamua kabla ya kurusha) mbegu mpya inakaa kushoto, ikilala upande wa pili inakaa kulia, na ukisharusha usibadilishe hata kama roho inakutuma. Panda siku moja, mbolea kipimo kimoja, palizi siku moja. Ukivuna, acha mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila kipande, vuna ile minne ya kati tu, manake mistari ya pembeni inapata mwanga zaidi au inafunikwa na jirani mrefu. Pima kwa mizani, sio kwa macho, alafu andika.

Kama mbegu hizi mbili ziko sawa kabisa, ile mpya kushinda jozi zote 6 kwa bahati tupu ni mara 1 kati ya 64. Kwa hiyo ikishinda zote sita una haki ya kuanza kuamini, alafu ndo ukae chini upige hesabu kilo zilizoongezeka zinalipa ile bei au hazilipi. Ikishinda 4 ikashindwa 2, baba baki na hela yako kwa sasa, rudia mwakani.

SWALI: Bibi Shamba habari za kazi. Mi ni msaidizi wa utafiti Mbeya, tuna mbegu 10 za maharage, bloki 4 (yaani sehemu 4 za shamba, kila moja ina mbegu zote 10). Bosi anataka kila bloki mbegu zipangwe kwa kura. Mi nikaona nipange 1 mpaka 10 kwa mfuatano bloki zote, vibarua wasichanganye na wageni wakija waelewe haraka. Amekataa kabisa na hajanieleza kwa nini, anasema tu ndo utaratibu. Hii kura inasaidia nini hasa? (Msaidizi, Mbeya)

JIBU: Salama kaka. Bosi wako yuko sahihi ila angekueleza, mtu akijua sababu anafanya kazi kwa moyo.

Ukipanga 1 mpaka 10 kwa mfuatano kila bloki, mbegu namba 4 kila mahali inakaa kati ya 3 na 5. Kama namba 5 ni ile inayotambaa na kufunika, basi 4 inaonewa mara zote nne na wewe utaandika kwenye ripoti kwamba 4 haizai. Alafu kama shamba lina mteremko wa rutuba kutoka kushoto kwenda kulia, namba 1 inakaa pabaya mara nne na namba 10 pazuri mara nne. Ukirudia kosa lile lile mara nne hujapata marudio manne, umepata kosa moja limepigwa muhuri mara nne.

Aliyetufundisha kura ni Ronald Fisher, mtaalamu wa takwimu Mwingereza. Alifika Rothamsted 1919, akakuta rundo la kumbukumbu za mavuno za miaka na miaka, ngano ya lile shamba lao la Broadbalk imepimwa kila mwaka tangu lianze 1843, na alichokiona ni kwamba ardhi ina mpangilio wake, vipande vilivyokaribiana vinafanana kuliko vilivyo mbali. Sasa kama ardhi ina mpangilio na wewe ukaweka mpangilio wako, siku mipangilio miwili ikikutana hutajua. Kura inavunja huo mkutano. Mwaka 1926 akaandika makala kuhusu kupanga majaribio ya shambani, na mambo matatu aliyoyasisitiza ndo tunatembea nayo mpaka leo: rudia, piga kura, na gawanya ardhi kwenye bloki zinazofanana ndani yake.

Ila nikuambie ukweli, wazo lako sio la kijinga na una mwenzio mkubwa. William Gosset, yule wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin aliyekuwa akiandika kwa jina la Student, alikuwa mtaalamu wa shayiri na alitetea kupanga vipande kwa utaratibu wa mizania, sio kura. Hoja yake ilikuwa kwamba kura inaweza kukuletea mpangilio mbovu ambao mtu mwenye akili asingeuchagua, kwa mfano mbegu moja ikaangukia upande uleule wa shamba bloki tatu mfululizo. Walibishana na Fisher mpaka Gosset alipofariki 1937, na walikuwa marafiki. Mi nasimama na Fisher kwenye msingi, lakini Gosset aliona kitu cha kweli, na siku hizi programu za kupanga majaribio zinafanya vyote viwili, zinapiga kura huku zikihakikisha mbegu ile ile hairudi kwenye safu moja mara kwa mara. Kama huna programu, weka sheria kabla ya kuanza: mbegu ikiangukia safu moja bloki tatu, tunachezesha kura upya bloki nzima. Sheria iandikwe kabla. Ukisubiri kuona matokeo ya kura ndo useme hii siipendi, hiyo sio kura tena.

Na hili la vibarua lina dawa. Usiku wa kuamkia kupanda kaa mezani na bahasha 40, kila bahasha iandike namba ya ploti (kipande kimoja cha mbegu moja), sio jina la mbegu, hesabu punje za ploti hiyo utie ndani, alafu zipange kwenye boksi kwa mfuatano wa kutembea shambani, ukimaliza bloki ya kwanza unarudi kinyume kwenye ya pili kama ng'ombe wa plau. Kibarua anachohitaji ni kuweka bahasha namba 101 (bloki ya 1, ploti ya 01) kwenye kigingi namba 101. Hahitaji kujua ndani kuna nini, na kusema kweli ni vizuri asijue.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili, niko Morogoro. Nimefanya jaribio la mbegu 24 za mahindi, bloki 3, ploti ya mistari miwili ya mita 5. Data imetoka vibaya, CV (asilimia inayoonyesha namba zinavyotawanyika) ni 34, hakuna mbegu iliyotofautiana na nyingine. Msimamizi anasema jaribio limekufa nirudie, mimi hela sina. Rafiki ananiambia futa ploti mbovu kama 9 hivi CV itashuka. Nifanyeje Bibi, nalala silali. (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usifute kitu. Ploti uliyoifuta kwa sababu tu namba yake hukuipenda, hiyo ni data umeitengeneza, hata kama mkono wako haujaandika tarakimu yoyote. Ploti inaondolewa kwa sababu iliyoandikwa kwenye daftari siku ilipotokea, kwamba ng'ombe waliingia, kwamba nyani walikula, kwamba maji yalituama wiki nzima. Basi.

Sasa tuangalie. Ploti yako ina mistari miwili ya mita 5, nafasi ya sentimita 75, ni mita za mraba 7.5. Ukibadilisha kuwa hekta unazidisha mara 1,333. Yaani hindi moja tu lenye gramu 150 za punje likichomolewa na mpita njia ni kilo 200 kwa hekta. Kwa hiyo kelele nyingine, yaani namba kupanda na kushuka bila mbegu kuhusika, inatoka hapo, udogo wa ploti, na hiyo huwezi kuirudisha. Ila nyingine naamini inatoka ardhini na hiyo tunaweza kuikamata, manake bloki yenye ploti 24 ni kubwa mno. Bloki ina maana moja tu, kwamba ndani yake ardhi inafanana. Ploti 24 zenye upana wa mita moja na nusu ni mita 36, na udongo wetu wa kichanga, wenye vichuguu na miti iliyong'olewa juzi, haufanani kwa mita 36. Ungeuliza mapema ningekwambia tumia mpango wa alfa wa Patterson na Williams wa 1976, marudio yale yale matatu lakini kila rudio unaligawa vibloki 6 vya ploti 4. Lakini umeshapanda, tuendelee.

Chukua karatasi yenye miraba, chora shamba kama lilivyo, safu na mistari. Kwa kila ploti toa wastani wa mbegu yake na wastani wa bloki kwenye mavuno, yaani chukua mavuno, ondoa wastani wa mbegu hiyo, ondoa na kiasi ambacho bloki hiyo iko juu au chini ya wastani wa jaribio zima. Kinachobaki tunakiita mabaki. Mabaki ya juu paka penseli ya kijani, ya chini paka nyekundu, ya katikati acha nyeupe. Alafu weka karatasi ukutani rudi nyuma hatua tatu uitazame.

Kama kijani na nyekundu zimetapakaa kama mtama uliomwagwa, basi kelele zako ni za bahati na msimamizi wako ana hoja. Lakini kama kijani imekaa kundi moja na nyekundu imekaa kundi lingine, mwanangu jaribio halijafa, ardhi inaongea.

Nakupa mfano wangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuwa kwenye kituo kimoja, tulikuwa na jaribio la mtama, na mbegu moja ilitoka juu ya zote, tukaanza kuisifia. Nilipochora ramani ya mabaki nikaona kijani imekaa mstatili, ploti nne kwenda kulia na tano kwenda chini, kona zimenyooka kabisa, na ile mbegu tunayoisifia ilikuwa imeangukia ndani ya ule mstatili mara mbili kati ya tatu. Nikamuuliza mzee aliyekuwa analinda pale, akanitazama akacheka, akasema hapo palikuwa zizi la ng'ombe kabla serikali haijachukua eneo. Samadi ya ng'ombe ambao hata hatujui walikuwa wa nani ilikuwa bado inalisha mtama wetu. Tulipohesabu upya tukizingatia hilo, mbegu yetu ikashuka mpaka nafasi ya saba. Ningeipendekeza kwa wakulima, na wao hawana zizi la zamani chini ya kila shamba. Hilo bado linanikaa moyoni.

Sasa kuhesabu upya kunafanyikaje. Njia kongwe na rahisi ni ya Mgiriki mmoja, Papadakis, ya 1937. Unamwangalia jirani. Tuseme ploti yako imetoa tani 3.1 kwa hekta na wastani wa mbegu hiyo ni 2.6, imezidi 0.5. Ukiangalia jirani wa kushoto naye amezidi wastani wa mbegu yake kwa 0.4, wa kulia amezidi kwa 0.6. Majirani wawili wenye mbegu tofauti kabisa wote wamezidi, wastani wao 0.5, sasa hapo utasema ni mbegu? Ni mahali. Basi ule wastani wa majirani unauingiza kwenye hesabu kama kipimo cha ardhi ya ploti hiyo, na uchambuzi unasahihisha.

Njia za sasa zinafanya wazo lile lile kwa ukamilifu zaidi. Gilmour, Cullis na Verbyla mwaka 1997 waliweka utaratibu ambao mabaki ya ploti yanahusiana na ya jirani kwa kiasi fulani na uhusiano unapungua kadiri unavyokwenda mbali, kwa safu na kwa mstari kila upande na kiasi chake. Ukipata 0.6 kwa jirani wa kwanza basi wa pili ni 0.36, wa tatu 0.22, unafifia hivyo hivyo. Na kuna kifurushi cha SpATS kwenye R, ile programu ya takwimu, makala yake ilitoka 2018, kinafinika shamba zima kwa uso laini wa rutuba kama shuka lililotandazwa juu ya mabonde, ni bure, na laptopu yako inatosha. Unachohitaji ni safu mbili kwenye faili la data ambazo wanafunzi wengi hawaziweki: namba ya mstari na namba ya safu ya kila ploti. Kama hukuandika rudi shambani kesho na daftari, vigingi bado vipo.

Tahadhari moja kubwa. Fanya uchambuzi wa kawaida, fanya na wa ujirani, onyesha vyote viwili kwenye tasnifu, na chagua kwa vigezo vya ubora wa modeli sio kwa kuangalia mbegu gani imeshinda. Ukikaa unajaribu modeli 12 mpaka ile mbegu yako uipendayo ije juu, hiyo haina tofauti na kufuta ploti 9. Mpelekee msimamizi wako ile karatasi ya penseli kwanza, kabla ya kompyuta. Watu wazima wanaelewa ramani haraka.

SWALI: Bibi Shamba, niko Lushoto, mteremko mkali, nataka kujaribu aina 5 za mbolea kwenye viazi. Bloki zangu nizielekeze wapi, juu kwenda chini au kukatiza? (Katibu wa kikundi cha wakulima, Lushoto)

JIBU: Katiza mlima. Bloki moja ikae kimo kimoja, kama tuta la kinga maji, ili ploti zote tano za bloki hiyo ziwe na udongo wa kimo hicho. Bloki ya pili chini yake, ya tatu chini zaidi. Zile ploti zenyewe ndani ya bloki zirefushe kufuata mteremko, zikae ubavu kwa ubavu, na uache mfereji kati ya bloki na bloki, manake mbolea ya chumvichumvi inashuka na maji, ya juu itamlisha wa chini.

Ila Lushoto mara nyingi upande mmoja wa shamba unapata jua la asubuhi na mwingine uko kivulini, kwa hiyo ardhi inabadilika njia mbili. Hapo mbolea 5 zinakaa vizuri kwenye mraba wa Kilatini, ploti 25, mistari 5 na safu 5, kila mbolea inaonekana mara moja kila mstari na mara moja kila safu. Fisher mwenyewe alipanga hivyo kwenye msitu wa Beddgelert huko Wales, mlimani, miti aina 5, ikapandwa 1929, na miti ilipokua picha iliyopigwa kwa mbali inaonyesha miraba waziwazi kwenye ubavu wa mlima. Bila ule mpangilio mtu angesema mti fulani haukui, kumbe ni baridi na upepo wa juu.

SWALI: Jaribio la msimu mmoja linatosha kupendekeza mbegu kwa wilaya nzima? Halmashauri inatuharakisha. (Afisa ugani, kanda ya kati)

JIBU: Halitoshi ndugu, na kwa kanda ya kati ndo kabisa halitoshi. Jaribio la sehemu moja mwaka mmoja linakwambia kuhusu sehemu hiyo mwaka huo. Wewe uko jirani na Kongwa, waulize wazee. Mwaka 1946 Waingereza walituma watu watatu, wakatembea kwa wiki 9, wakapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 za karanga, nyingi Tanganyika. Hakuna aliyekaa kwanza misimu mitatu minne akapanda vipande vidogo sehemu mbalimbali akaona mvua ya Kongwa inavyoruka mwaka na ule udongo unavyokauka ukawa kama saruji wakati wa kung'oa karanga. Kufikia 1951 mradi umefungwa na pauni milioni 36 hivi zimekwenda. Vipande vya majaribio vingegharimu kiasi gani?

Ukiwa na ploti 12 za kugawa kwa kila mbegu, mi ningechagua vijiji 6 vyenye marudio 2 kuliko kijiji 1 chenye marudio 12, alafu nirudie mwaka wa pili. Waambie halmashauri hivyo hivyo kwa barua, na nakala ubaki nayo.

SWALI: Bibi salaam kutoka Kitale. Kuna vijana walikuja na simu na GPS wakachukua udongo sehemu 4 kwenye shamba langu la ekari 12, wiki mbili baadaye wakaniletea ramani nzuri ya rangi inayoonyesha wapi kuna fosforasi na wapi hakuna, kila mita. Wanataka niweke mbolea kufuata ramani. Inawezekana kweli kujua kila mita kutoka sehemu 4? (Mama mkulima, Kitale)

JIBU: Wa alaikum salaam mama. Haiwezekani. Vijana inawezekana wana nia njema, lakini kompyuta ukiipa namba 4 na ukaiambia ipake rangi itapaka, haina aibu.

Elimu yenyewe ni ya kweli na imezaliwa Afrika. Danie Krige alikuwa mhandisi kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, na 1951 alionyesha namna ya kukadiria dhahabu ya mahali ambapo hapajachimbwa kwa kutumia sampuli za jirani, zilizo karibu zikipewa uzito zaidi. Mfaransa Matheron akaja kuijengea hesabu kamili na akaipa jina kutokana na huyo Krige, krigingi. Leo inatumika kwa dhahabu, mvua, udongo, mpaka wadudu.

Lakini krigingi inaanza na swali moja: hapa kwenye shamba hili, kufanana kunaisha baada ya umbali gani? Unachukua sampuli mbili mbili, unaangalia zimeachana mita ngapi na zimetofautiana kiasi gani, unachora. Zilizoachana hatua 5 zinakaribia kufanana, za hatua 50 kidogo, alafu unafika umbali ambao kujua hapa hakukusaidii chochote kujua kule. Mchoro huo unaitwa variogramu. Webster na Oliver waliochunguza sana jambo hili wanasema uwe na sampuli kama 100 mpaka 150 ndo mchoro uaminike. Sampuli 4 zinatoa jozi 6 tu. Jozi sita mama, hazitoshi hata kuanza kuchora. Kwa hiyo ule umbali hawakuupima, programu imeukisia, na rangi zote katikati ya zile sehemu 4 ni makisio ya programu.

Waulize maswali mawili. Kwanza, iko wapi ramani ya pili, ile ya kosa? Krigingi ikifanywa sawasawa inatoa ramani mbili, moja ya makadirio na nyingine ya ukubwa wa kosa mahali kwa mahali, na hiyo ya pili ndo inakwambia wapi usiamini. Mwenye kukupa moja akaficha ya pili amekupa nusu ya kazi. Pili, je walienda sehemu ya tano, wakapima, wakalinganisha na ramani yao?

Kwa shamba lako ekari 12 huhitaji sampuli 100, gharama ya maabara itakumaliza. Wewe unalijua shamba hilo. Chukua karatasi uchore mwenyewe: wapi mahindi huwa ya njano kila mwaka, wapi palikuwa boma la ng'ombe, wapi maji hutuama, wapi kichuguu kilisawazishwa, wapi baba mkwe alilima miwa. Utapata kanda tatu au nne. Kila kanda tembea kwa mtindo wa zigizaga, chukua udongo kidogo kwa jembe sehemu 15 mpaka 20, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki iliyo safi (ndoo ya bati au ile uliyobebea mbolea usiitumie, itaharibu majibu), toa nusu kilo peleka maabara. Pale bomani na pale kichuguuni usichanganye na kwingine, ruka kabisa au peleka peke yake. Vifuko vitatu vinne, namba kwa kalamu isiyofutika, na karatasi ya ramani yako ibaki nyumbani.

Majibu yakirudi, acha ukanda mmoja mwembamba kila kanda bila ile mbolea mpya, mistari 6 tu kukatiza, na mwisho wa msimu uupime peke yake. Niandikie mwezi wa kumi na moja ukishavuna, nataka kujua kanda ya njano imesemaje.